Mkurugenzi wa Ndege Arobaini na Moja

Ofisi ya Forodha, Uwanja wa Ndege
9 Januari

Kaka,

Salamu nyingi, zikizidi wape majirani. Sisi ni wazima, isipokuwa magoti ya Mama, ambayo ameshayazoea kama mtu anavyowazoea wapangaji wakorofi. Bado anashona. Bado anasema cherehani yake itamzika yeye, si yeye atakayeizika.

Umeniuliza kama ni kweli mnayoyasikia huko, kwamba kanchi ketu sasa ni kituo cha ndege za matajiri. Ni kweli, lakini usije ukadhani tumekuwa kitu. Uwanja ni ule ule: ukumbi mmoja, viti vya plastiki vilivyofungwa vinne vinne, na saa ya ukutani iliyokata roho kabla sijaajiriwa. Kilichobadilika ni sheria. Bunge lilipitisha kwamba ndege binafsi ikiingizwa kupitia kwetu hailipi ushuru, na ikishagongwa muhuri hapa, nchi zote za umoja wetu wa forodha zinaihesabu kuwa imeshaingia kihalali. Basi zinakuja. Tatu kwa siku, nne, juzi sita. Inatua, marubani wawili wanashuka kunyoosha miguu, mimi napanda na tochi kuhakikisha namba iliyochongwa mlangoni ni ile ya kwenye fomu, nagonga muhuri, inaondoka. Matairi hayajapoa.

Abiria hakuna. Hata mmoja, Kaka, tangu Agosti. Viti vya ngozi nyeupe bado viko ndani ya nailoni, glasi zimeninginizwa vichwa chini, blanketi limekunjwa likisubiri mtu wa kulikunjua. Ni kama nyumba ya watu waliohama wakasahau kuzima taa. Siku moja nilijikuta nabisha hodi. Rubani alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilihisi kabisa kuna mtu anakaribia kunijibu.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu leo. Sheria inataka kila ndege imilikiwe na kampuni ya hapa kwetu, na kila kampuni iwe na mkurugenzi mmoja raia. Kwa kawaida siangalii majina. Jumanne iliyopita niliangalia. Mkurugenzi ni Kipanga.

Kipanga wetu, ndugu yetu. Jina lake, la Baba na la Babu, yote matatu kwa mpangilio, na sahihi ya mwezi uliopita.

Najua ulivyotueleza. Alikuja kwako miaka saba iliyopita, akakaa miezi miwili, kisha akaondoka kwenda mji mwingine kutafuta kazi bila kuaga. Tangu hapo kimya. Lakini mtu akitia sahihi si yu hai? Hujasikia lolote? Na tafadhali, nunua simu. Watu wote duniani wana simu, wewe umebaki na barua zako kama karani wa enzi zile.

Mdogo wako,
Bi Muhuri (si ndivyo unavyoniita?)


Karakana ya Ndege
27 Januari

Bi Muhuri, mdogo wangu,

Barua yako nimeipata, nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Hizo ndege nazijua. Nyingine tunazifungua hapa kabla hazijaja kwako. Wenye nazo wanaulizana wao kwa wao kama wanawake wanavyoulizana fundi mzuri wa nguo: wewe yako umeiingizia wapi? Na mwenzake anataja nchi yetu, nchi ambayo hawezi kuionyesha kwenye ramani. Hawaji kwa ajili ya upepo wetu. Wanakuja kwa sababu mahali pengine wangetozwa, na kwenu hawatozwi. Kesho jirani yenu akishusha zaidi, watahamia huko na hata vumbi hawatakuachieni.

Kuhusu lile jina: majina hufanana. Kwetu watoto wote wanarithi majina ya mababu, na mababu walikuwa wale wale kumi. Usijenge nyumba juu ya sahihi. Mawakili hawa wanajaza makaratasi kwa namna zao, na wewe kazi yako ni muhuri, si upelelezi. Mkuu wako akijua unachungulia majina utajikuta nje, na Mama anakutegemea.

Nakuomba kimoja. Usimwambie Mama. Unamjua. Ukimpa uzi atashona nguo nzima.

Simu nitanunua. Magoti ya Mama yafungwe kitambaa chenye maji ya moto.

Kaka yako


Ofisi ya Forodha
15 Februari

Kaka,

Umechelewa. Nilimwambia siku ile ile. Ningefanyaje? Nilirudi nyumbani, akanitazama mara moja tu, akaniambia, "Kuna neno umelitafuna, limeze au liteme."

Nikalitema.

Hakulia. Alikwenda kwenye sanduku lake akatoa mashati. Ulijua kuhusu mashati? Mimi sikujua. Kila mwaka amemshonea Kipanga shati moja, na kila mwaka anaongeza kidogo mabegani, kwa kubahatisha alivyonenepa. Yapo saba. Akayatandika kitandani moja moja, akauliza, "Unadhani hili la mwisho litamtosha? Mkurugenzi hula vizuri."

Na si jina tu, Kaka. Nimeangalia tena. Tarehe ya kuzaliwa ni yake, na mahali pa kuzaliwa ni hospitali ile ile ya wilaya. Babu gani huyo aliyeturithisha mpaka siku ya kuzaliwa? Nimehesabu mafaili yenye jina lake: ndege arobaini na moja, kampuni arobaini na moja, mkurugenzi mmoja.

Nilimkabili Wakili. Ndiye anayeleta makaratasi yote, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Nikamwambia, "Mheshimiwa, huyu mkurugenzi nadhani ni ndugu yangu."

Akasema, "Hongera."

"Naomba anwani yake."

"Bibie, mkurugenzi ni mtu wa shughuli nyingi. Gonga muhuri, rubani anasubiri."

Nikagonga. Ndiyo, niligonga. Kila nikigonga nahisi namgonga Kipanga kichwani, na yeye hasemi kitu.

Habari haina mlango. Mtaani sasa Mama anaitwa mama mwenye ndege. Wanamsalimia kwa kuinama, nusu kwa utani, nusu kwa kujiwekea akiba. Mchana anaacha kazi za watu mezani anakuja kusimama nje ya uzio wa uwanja, ameshika waya kwa vidole. Ndege ikitua anaangalia mlango unavyofunguka. Wanashuka marubani wawili. Mlango unafungwa. Anarudi nyumbani kushona.

Ameniambia niandike maneno haya kama yalivyo: "Mwanangu mkubwa, ukimwona mdogo wako mwambie sina hasira. Aje tu."

Mdogo wako


Karakana
2 Machi

Mdogo wangu,

Nilikuomba kitu kimoja.

Mwondoe Mama kwenye huo uzio. Mfungie ndani ikibidi. Anasimama kwenye jua na magoti yale kumngojea nani? Hakuna mtu kwenye zile ndege. Mwenyewe umeniandikia kwamba hazina mtu. Mwambie. Mwambie yeye hawezi kuja, aache kushona, na mashati hayo awape watu wenye miili.

Usiniandikie tena kuhusu jambo hili. Niandikie kuhusu mvua.

Kaka yako


Ofisi ya Forodha
20 Machi

Mvua zimenyesha. Sasa tuendelee.

Umeandika "yeye hawezi kuja". Hukuandika "haji", wala "hajulikani alipo". Nimelisoma neno hilo mpaka karatasi imelainika.

Kila fomu ya mkurugenzi ina mstari anaoujaza kwa mkono juu ya sahihi: Nimesoma, nimeelewa na nimekubali. Jana nilikaa ofisini watu wakienda kula. Nilichukua barua yako nikaiweka kando ya fomu. Nani alinifundisha kuandika? Si Baba, alikuwa safarini. Si Kipanga, mwandiko wake ulikuwa kama kuku kapita kwenye tope. Ni wewe, kwenye meza ya jikoni, ukanishika mkono. Herufi k yako ina mguu mmoja unaoburuzika nyuma kama mtu aliyeteguka. Yangu pia. Ndivyo ulivyonifundisha.

Kwenye fomu zote arobaini na moja, k inaburuza mguu.

Nadhani nilijua tangu siku ya kwanza. Jicho lilijua, moyo ukakataa kupokea.

Kwa hiyo naandika kwa nani? Kama wewe ndiye Kipanga, kaka yetu mkubwa yuko wapi? Na kama wewe ni kaka yetu mkubwa, Kipanga yuko wapi?

Na hili ulijue kabla hawajakwambia wao. Nchi jirani zimelalamika kwamba wakurugenzi wetu ni hewa. Sheria imerekebishwa: kila mkurugenzi lazima aje mwenyewe, ataje jina lake mbele ya ofisa wa forodha na kutia sahihi, la sivyo mihuri yote inafutwa. Wakili ameshapanga. Mkurugenzi wa ndege arobaini na moja anakuja tarehe 14 Aprili saa nne asubuhi. Ofisa wa zamu ni mimi.

Siweki sahihi kwa sababu sijui wewe ni nani kwangu.


Karakana
29 Machi

Mdogo wangu,

Mficha maradhi, kifo humfichua. Mimi nilificha kifo chenyewe.

Kipanga hakuondoka kwenda mji wowote. Alikuja, akakosa kibali cha kazi. Mimi nilikuwa nacho. Hapa karakana mlinzi wa getini hakuweza kututofautisha. Kwake sote tulikuwa sura moja. Tukaamua kutumia kitambulisho changu kwa zamu: siku moja mimi, siku moja yeye. Yeyote aliyepita getini aliitwa jina langu. Tulicheka sana. Alikuwa akirudi jioni ananiambia, "Leo umefanya kazi vizuri sana, msimamizi amekusifu."

Mafuta ya ndege hukaa ndani ya bawa. Ukitaka kuziba ufa, mtu mwembamba anaingia kwa tundu ambalo hata mtoto analiogopa, anatambaa ndani amevaa barakoa ya hewa, na mwenzake anabaki nje kumwangalia. Ile Alhamisi ilikuwa zamu yangu. Sikuwa mgonjwa. Ningependa kukuandikia kwamba nilikuwa na homa. Nilikuwa na uvivu tu. Niligeukia ukutani nikamwambia, "Nenda wewe leo, kesho nitakulipia." Akaniambia, "Wewe deni lako litakuja kukutafuna." Akavaa viatu vyangu kwa sababu vilikuwa karibu na mlango.

Aliyekuwa nje ya bawa aliitwa kwenye simu. Hewa ya barakoa ilikatika. Walipomtoa alikuwa ameshakwenda.

Kwenye kifua chake kulikuwa na kitambulisho changu. Basi aliyekufa nilikuwa mimi. Msimamizi alikuja chumbani, akanikuta hai, akaketi kitandani. Akasema: ukifumbua mdomo, karakana itafungwa, wewe utafungwa kwa kumwazima mtu kibali, na yeye hatafufuka. Pasipoti ya mdogo wako si ipo? Basi ishi nayo, kibali nitakutafutia mimi.

Nimeishi nayo. Tulimzika siku ya pili, watu wanne. Kwenye kibao wameandika jina langu. Nimehudhuria maziko yangu, mdogo wangu, nikashika sepetu.

Nilitaka kuwaambia. Kila mwezi nilianza barua. Ndiyo maana sikununua simu: karatasi huvumilia uongo, sauti haivumilii. Mama angeniita tu "mwanangu" ningemwaga yote.

Wakili alinipata miaka miwili iliyopita. Alikuwa akitafuta raia wetu walio nje, watu wasioulizwa maswali. Akaniambia ni jina tu, hutahitajika. Nikafikiri: kama ni jina tu, basi Kipanga apate kitu, awe mkurugenzi, aandikwe mahali. Ona upumbavu huo. Nilipotia sahihi ya kwanza nilihisi yuko nyuma ya kiti anasoma. Ya arobaini na moja, bado alikuwa hapo. Huwa hasemi. Ananuka mafuta.

Nitakuja tarehe 14. Wakili anasema nikikataa atanitaja kwa polisi wa huku. Nikifika nitataja jina lake, utagonga muhuri, nitarudi. Mama usimlete. Nikipata ujasiri nitamwambia mwenyewe siku moja, lakini si kwenye uzio.

Kaka yako, kama bado unalipokea neno hilo


Nyumbani
6 Mei

Kwa Kaka, Mahabusu ya Wilaya

Wamesema barua zinafunguliwa getini, basi anayesoma hii naye asikilize vizuri.

Wewe uliona upande wako wa siku ile. Mimi nina upande mwingine, na nadhani una haki nao.

Sikumwambia Mama. Nilishindwa. Kila nilipofumbua mdomo nilimwona na sindano mkononi, nikasema chai imepoa, au mlango unalia, chochote. Siku yenyewe niliondoka mapema nikidhani hajui. Lakini Wakili alikuwa ameshatangaza mji mzima. Kulikuwa na zulia jekundu. Mkuu wa forodha alivaa tai. Mama alikuwa kwenye uzio tangu saa mbili.

Ulishuka. Wewe ulitazama chini, hukumwona. Yeye alikuona. Alikutambua tangu ngazi ya kwanza, na aliniambia baadaye alifurahi: mwanawe mkubwa amekuja pia! Lakini aliendelea kuangalia mlango nyuma yako. Ulivuka zulia, ukaingia ofisini kwangu, na yeye bado anaangalia mlango. Wahudumu waliufunga. Bado anaangalia. Mlinzi wa getini alimwambia, "Mama, wamekwisha." Akamjibu, "Bado mmoja."

Ndani, unajua. Lakini nataka niliandike ili lisije likasimuliwa vingine.

Nilikuuliza kama ninavyouliza watu wote. "Jina lako kamili?"

Wakili alikuwa kando yako na kalamu tayari. Uliutazama muhuri mpaka Mkuu akakohoa. Mimi nilikuwa nimeshika muhuri, Kaka, na nakiri mbele ya anayesoma: ungetaja jina la Kipanga ningegonga. Nilikuwa nimeamua. Nilijiambia mtu aliye hai ana haki kuliko aliyekufa.

Ukataja jina lako.

Wakili akacheka. "Mkurugenzi amechoka na safari. Bwana, soma kilichoandikwa."

Ukasema, "Huyo aliyeandikwa ni mdogo wangu. Alikufa miaka saba iliyopita. Sahihi zote ni zangu."

Mkuu aliniangalia mimi, si wewe, kana kwamba mimi ndiye niliyekufundisha kusema. Nikaurudisha muhuri kwenye kisanduku chake nikafunga.

Walipokutoa kwa mlango wa nyuma nilikwenda uzioni. Nilimwambia Mama, waya ukiwa katikati yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Alikula asubuhi hiyo?" Nikasema sijui. Akasema, "Muulize." Ndilo neno pekee alilolisema siku hiyo.

Siku ya tatu alivaa nguo zake za kutokea, akaniambia twende ofisi ya vizazi na vifo. Kiapo ulichokiandika polisi kilitosha. Karani alikuwa mpole. Alituambia kwa sauti ya chini, "Mama, mnajua mkimwandikisha huyu, kampuni arobaini na moja zinabaki bila mkurugenzi? Wameshanipigia simu kutoka juu. Wanaomba msubiri kidogo."

Mama akamwambia, "Nimesubiri miaka saba. Wewe andika."

Akaandika.

Kwa siku tisa ndege zao hazikuruka. Nyingine zilizuiwa huko mbali zikiwa na wenyewe ndani, wamevaa nguo za likizo. Simu ya ofisini haikupumzika. Siku ya kumi Wakili alileta mkurugenzi mpya, raia halali, anayeonekana kwa macho: mlinzi wetu wa getini. Anamiliki ndege arobaini na moja sasa, na jioni anarudi kwake kwa baiskeli.

Mimi hawakuweza kunifukuza kwa sababu nilifuata sheria. Wamenihamishia ghala la mizigo iliyoachwa. Masanduku ya watu wasiojulikana, mpaka darini. Nimezoea kampani hiyo.

Mama hakutaji. Simwombei msamaha kwako wala wewe kwake. Nakupa habari tu.

Dada yako


Mahabusu ya Wilaya
1 Juni

Dada yangu,

Alikula. Mwambie Mama. Alikula mkate na yai, akala na langu kwa sababu mimi nilikuwa kitandani. Aliniambia jikoni kwa sauti, "Nimekula na lako, mvivu hali." Nilikuwa nimelisahau hilo, au nilikuwa nimelificha hata mimi nisilione. Uliponiuliza likarudi lote, hadi sauti ya kijiko.

Hapa asubuhi wanaita majina. Siku ya kwanza askari aliita langu mara tatu na sikuitika. Mwenzangu akanisukuma. Miaka saba nimegeuka kwa jina la mwingine. La kwangu likawa kama la mtu niliyesoma naye.

Hakimu ataamua mwezi ujao. Wakili wa serikali anasema miaka miwili kwa pasipoti na sahihi. Sipingi. Yule Wakili mwingine hakushtakiwa. Amesema alidanganywa na mimi, na ni kweli, nilimdanganya, ila yeye alipenda kudanganywa.

Unataka kujua kama bado namwona. Hujauliza, lakini najua unataka. Tangu nilipotaja jina langu pale mezani kwako, hajasimama nyuma yangu. Nilidhani nitafurahi. Chumba kimekuwa kikubwa mno, Dada. Sasa ndiyo nimefiwa.

Makaburi yapo nyuma ya kituo cha mwisho cha treni, upande wa ukuta wa matofali, mstari wa tisa. Kama mtakwenda. Siwaombi.

Kaka yako


Kwenye mji wako wa zamani
30 Agosti

Kaka,

Tumefika juzi. Nilichukua likizo yangu yote kwa mkupuo. Mama hakulala kwenye treni. Alikaa wima na mkoba mapajani kama mtu anayekwenda kujibu kesi.

Tulikupata mstari wa tisa. Nasema tulikupata wewe, kwa sababu ni jina lako lililopo. Kibao kidogo cha saruji, herufi nyeusi, jina lako na tarehe ya ile Alhamisi. Nilikuwa najua, na bado nililisoma mara tatu. Kumwona kaka yako kaburini, na huku una barua yake mfukoni.

Mama aliinama, akaligusa lile jina kwa kidole, herufi moja moja. Hapo ndipo alipolia. Mwanzo sikuelewa analia kwa ajili ya nani. Nadhani kwa dakika ile alikuzika wewe pia, mlikuwa wawili mle ndani, na yeye hakuambiwa habari ya yeyote.

Mtunza makaburi alikuja, mzee aliyevaa buti za mpira. Akauliza kama sisi ni watu wake. Nikamweleza kwamba jina limekosewa, na nikamwonyesha cheti. Alikisoma polepole. Akasema hajawahi kubadilisha jina la mtu aliyekwisha zikwa, lakini karatasi ni karatasi.

Kisha akauliza, "Yule ndugu yake hajambo? Haonekani siku hizi."

Mama akauliza, "Ndugu gani?"

"Yule anayekuja Jumapili. Miaka yote. Mvua, baridi. Anakaa hapo chini, haleti maua, hazungumzi na mtu. Siku moja nilimwambia aende nyumbani atapata ugonjwa. Akaniambia, 'Leo ni zamu yangu.' Sikumwelewa."

Upepo ulikuwa unampeperusha Mama kitambaa cha kichwa na hakukishika. Mzee wa watu alidhani amesema kosa, akaenda kuchukua rangi na patasi.

Leo asubuhi kibao kimewekwa upya. Jina lake, la Baba na la Babu. Mama alimwita kwa sauti ya kawaida, kama anavyotuita kula. "Kipanga. Nimefika." Hakungoja jibu. Aling'oa majani yaliyoota pembeni, akayakusanya, akaniuliza yanatupwa wapi.

Tulipokuwa tunarudi kituoni aliniuliza siku ya kutembelea wafungwa ni ipi. Nikamwambia Jumamosi, kuanzia saa tatu.

Akatembea kidogo. Akauliza, "Mnaingilia mlango gani?"

Dada yako